Malalamiko Dhidi ya Sinia la Bi Shimokawa

Kwa Ndugu Hatakeyama,
Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama,
Kituo cha Umeme wa Nyuklia, Kamonohama.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini mvua hizi za Juni zimekukuta mzima na goti lako halikusumbui sana. Mimi Nukaga Tokuji, wa maabara ya kemia, ni mzima wa afya, na afya hiyo ndiyo inayonipa nguvu ya kukulalamikia.

Kwa miaka thelathini na mmoja nimekinga sampuli za maji ya kinu cha nyuklia kila asubuhi na kuzipeleka maabara kwa mkono wangu huu wa kulia. Sijawahi kumwaga hata tone. Machi ijayo nastaafu, na nilichotaka ni kimoja tu: nikinge sampuli hadi siku ya mwisho, kisha niage kama fundi. Lakini tangu Aprili kamati yako imetuletea utaratibu mpya, nao umenidhalilisha kama ifuatavyo.

1. Kasha. Chupa yenyewe haizidi kikombe cha chai, lakini sasa sharti iingie kwenye kasha la madini ya risasi, kasha lipande toroli, na toroli lisukumwe mwendo wa kobe. Safari ya dakika nne imekuwa ya dakika kumi na moja. Mnasema ni kwa ajili ya mionzi, na sikatai. Kipimo changu cha kifuani hakijawahi kusoma kidogo namna hii, hata watu wameanza kudhani siendi kazini.

2. Kidole. Kila hatua natakiwa ninyooshe kidole na kutamka kwa sauti: "Vali imefungwa, sawa! Lebo, sawa! Kifuniko kimekaza, sawa!" Ndugu Mwenyekiti, tabia hii haibaki kazini. Nyumbani nalipigia kelele jiko la gesi. Mke wangu ameshaniambia, "Mzee, ukiinyooshea kidole supu yangu tena, utajipikia." Mwezi jana tulimzika jirani yetu, mzee Inaba. Jeneza lilipofunikwa tu, nikajikuta nimenyoosha kidole mbele ya wafiwa wote: "Kifuniko kimekaza, sawa!" Mtawa aliacha kusoma sala. Mjane akaniinamia kunishukuru. Mpaka leo sijui nani anapaswa kumwomba radhi, mimi au kamati.

3. Karatasi ya Nusura. Kila mwezi kila mfanyakazi aandike jambo moja baya lililokaribia kumtokea. Mtu asiye na makosa atayatoa wapi? Aprili niliandika kwamba nusura nivae viatu vya mwenzangu. Mei niliandika kwamba nusura niandike karatasi ya uongo. Hiyo ya Mei uliibandika ubaoni ukaisifu kwa uwazi wake.

4. Sinia, na mwenye sinia. Hapa ndipo penye donda. Mmenipa mtu wa pili, Bi Shimokawa Ritsuko, mama wa miaka hamsini na minne aliyetoka chumba cha kufulia ovaroli zetu. Ninapokinga, yeye husimama ubavuni ameshika sinia lenye kingo chini ya mkono wangu, utadhani mimi ni mtoto anayelishwa uji. Nilimwambia kwa upole, "Dada, mkono huu haujamwaga kitu tangu wewe hujaolewa." Akanijibu bila hata kunitazama, "Kaka, nimewafulia miaka ishirini. Najua nani anamwaga." Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mzima? Hata Jumanne iliyopita sinia hilo lilikuwa palepale, limenibana, nafasi ya kugeuza kiwiko sina.

5. Kwa hiyo naomba haki itendeke kwa wote. Kama mkono wa fundi unahitaji sinia, basi na wako uwekewe unapogonga mihuri, maana wino wako nimeuona hadi kwenye kalenda. Mkurugenzi awekewe lake kwenye karamu ya mwisho wa mwaka, na kabla ya kila kikombe anyooshe kidole na kutamka idadi. Likishindikana hilo, sinia liondolewe na Bi Shimokawa arudi kwenye mashine zake za kufulia.

Nawasalimu wanakamati wote, mama watoto wako, mlinzi wa lango la kupimia mionzi, na yule mpishi wa tambi za Ijumaa.

Wako katika kazi, mwenye mkono imara,

Nukaga Tokuji

Nyongeza: Utashangaa mwandiko umekuwa mzuri. Si wangu. Tangu majira ya baridi mkono wangu unatetemeka, na nakala mbili za kwanza nilizimwagia wino, kwa hiyo mimi nasema na Bi Shimokawa anaandika. Tulipomaliza aliirudia barua tangu juu, akinyooshea kidole kila sentensi: "Sawa! Sawa!" Alipofika kwenye "hata tone" akaweka kalamu chini. "Kaka, na Jumanne?"

Jumanne chupa iliniponyoka kabla sijaifunga. Maji yote yaliingia kwenye sinia. Miguuni pangu halikufika tone, wala miguuni pake. Alinipa wiki moja niseme mwenyewe kabla hajasema yeye, na wiki inakwisha leo. Niliona aibu, Ndugu Mwenyekiti, na niliogopa kunyang'anywa kazi, ndiyo maana nimepiga kelele zote hizo hapo juu.

Sinia libaki. Ukikubali, yeye akinge, mimi nilishike kwa mikono miwili hadi Machi. Na barua hii naomba uipokee kuwa Karatasi yangu ya Nusura ya mwezi wa Juni. Hii ni ya kweli. Bi Shimokawa ameshainyooshea kidole.