Hotuba ya Baba Mkwe na Diski ya Giga Mia Tano

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua diski. Giga mia tano! Nimeileta nyumbani ndani ya shati, nikitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Mke wangu akauliza nina nini kifuani. Nikamjibu: ukoo mzima.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka sabini. Watoto wake walipomuuliza anataka zawadi gani, alisema hataki nguo wala viatu, anataka kumsikia mumewe. Baba mkwe alifariki miaka sita iliyopita. Sauti yake imebaki mahali pamoja tu duniani: hotuba ya dakika kumi na moja aliyoitoa siku ya kustaafu, na hotuba hiyo imo kwenye kompyuta yangu. Kanda yenyewe ya video iliota ukungu, tukaitupa.

Mtu mwenye mawazo mafupi angemwonyesha mama hiyo hotuba, basi. Mimi naona mbali. Nitakusanya video zote za familia, sidii (zile za DVD) arobaini na tatu zilizotapakaa katika nyumba tano, nizitie mahali pamoja. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, alijitolea kuifanya kazi hiyo kwa kompyuta yake mpya. Fundi lifti yule! Kazi yake kupandisha watu na kuwashusha, basi anajiona anajua kila kitu. Nikamwambia mbele ya mama mkwe kwamba kazi hii ina mwenyewe. Mama akanishika mkono, akasema, "Haya mwanangu, nakuachia wewe." Mwanyumba akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Mchana nimeifunga diski ndani ya Kikongwe. Kikongwe ni kompyuta yangu, tuko pamoja tangu kabla sijaoa. Nikawasha. Inasema giga 128.

Nikazima, nikawasha. 128. Nikaipiga kofi ubavuni. 128.

Nimeibiwa!

Jumanne, 5 Machi

Nimeamkia dukani. Njiani nilitunga maneno makali, nikayarudia hadi watu wakawa wananipisha. Kufika, nikayatoa yote, mbele ya wateja sita. Mwenye duka, mama mpole asiyepandisha sauti, akaichukua diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake. 465.

Mwingine angeona haya akaondoka. Mimi nikamwambia hata hapo zimepungua thelathini na tano, ziko wapi? Akaeleza kwa upole kwamba mtengenezaji anahesabu kivyake na kompyuta inahesabu kivyake, na diski zote ziko hivyo. Mteja mmoja, mzee wa makamo mwenye mkoba, akashauri niuziwe na kikokotoo. Wakacheka wote, hata yule aliyekuwa anasubiri chaja tu. Mama akanirudishia diski, akasema ugonjwa uko kwenye kompyuta yangu.

Nimerudi na kijasho chembamba. Nikakuta ujumbe wa mwanyumba kwenye kundi la familia, anauliza kazi inakwendaje. Nikajibu: giga mia tano ziko tayari, leteni sidii zenu. Ningejibu nini tena?

Shemeji wa kwanza kuleta sidii alifika saa tisa. Ilipofika jioni sanduku lilikuwa limejaa.

Jumatano, 6 Machi

Fundi wa kompyuta. Anaitwa Miwani kwa sababu ana miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani, na huwa anaitafuta ya tatu. Akamfungua Kikongwe, akapuliza vumbi, akapiga chafya mara nne.

Akasema Kikongwe alitengenezwa zamani, wakati hakuna aliyewaza diski kubwa namna hii. Anajua kuhesabu hadi 128, basi. Akipita hapo anarudi mwanzo na kuanza upya, kama mita ya gari kuukuu. Nikasema hiyo ni dharau. Akasema hiyo ni hesabu.

Kisha akanipa njia tatu. Ya kwanza, nitumie hizo 128 nitosheke. Ya pili, ninunue kadi ndogo ya kuchomeka ndani, ambayo itahesabu kwa niaba ya Kikongwe. Ya tatu, nitumie kompyuta nyingine kwa siku moja tu, ya jirani, ya shemeji, ya yeyote.

Ya yeyote! Yaani nikampigie magoti mwanyumba! Na hiyo kadi ni ya nini? Mtu mzima hahesabiwi na mtu mwingine. Nikamshukuru fundi, nikamsindikiza hadi mlangoni, nikaanza kazi mwenyewe.

Nyuma ya diski kuna kipini kidogo cheusi cha plastiki, kimekaa juu ya vijiti vya chuma. Hakina kazi yoyote ya maana, mtu yeyote anaona. Nikakihamishia kwenye vijiti vya pembeni. Nikawasha.

Giga 32.

Kwa mikono yangu mwenyewe nimepoteza giga tisini na sita! Nikakichomoa haraka, kikaniponyoka, kikaingia kwenye zulia. Nimepiga magoti saa nzima. Mke wangu akanikuta na kibano chake cha nyusi, akauliza kama nasali. Nikasema ndiyo. Akasema basi niendelee, nina sababu.

Kipini nimekiona chini ya kabati. Nimekirudisha. 128. Sikuwahi kufikiri nitaifurahia hiyo namba.

Alhamisi, 7 Machi

USHINDI!

Asubuhi nilisoma mtandaoni maandishi ya mtu mmoja aliyekuwa na shida kama yangu. Anasema unaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, unaongeza mstari mmoja, unaandika moja mahali palipo na sifuri, unawasha upya. Nikafanya.

465! Zote! Nikapiga kelele hadi mke wangu akatoka jikoni na mwiko. Nikamwinua. Akaomba nimshushe, maji yanachemka.

Nimepiga picha kioo cha kompyuta nikaituma kwenye kundi. Mama mkwe akajibu kwa maua. Mashemeji wakapongeza. Mwanyumba je? Akauliza kama nimeshajaribu kuijaza ipite zile 128, maana kuonyesha namba ni jambo moja na kuziandikia ni jingine. Wivu mtupu! Hata kuuficha hawezi.

Kweli, na yule mtu wa mtandaoni aliandika chini, kwa herufi kubwa, nijaribu kwanza na vitu visivyo na maana. Sasa mimi nina vitu gani visivyo na maana? Hii ni familia.

Kuna jambo nimelifanya ambalo nalifurahia kuliko yote. Nilijiuliza nianze na nini. Wengine wangeanza na sidii iliyo juu ya sanduku. Mimi nimelelewa. Mkubwa hutangulia, hata kwenye kiti, hata kwenye sinia. Nikaanza na hotuba ya baba mkwe. Ya kwanza kabisa, mwanzo wa diski, mahali pa heshima. Na sikuinakili, nimeihamisha. Kunakili ni tabia ya waoga, vitu viwili viwili kila mahali. Baba mkwe alikuwa mtu mmoja.

Baada ya hapo zikafuata sidii, moja baada ya moja, kwa umri wa wenyewe. Kila sidii inasomwa kwanza kwenye diski ndogo ya zamani ya Kikongwe, halafu inahamia kubwa. Hadi wakati wa chakula cha jioni nimefikisha kumi na tisa.

Ijumaa, 8 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Saa nne asubuhi nilikuwa sidii ya ishirini na tisa, harusi ya mwanyumba, yenye urefu wa saa tatu na nusu, nusu yake yeye mwenyewe anacheza. Katikati ya harusi Kikongwe akasimama. Nikawasha upya. Akaniambia diski hii haina kitu, je, ningependa iandaliwe upya? Ndiyo au hapana.

Kidole kilikuwa juu ya ndiyo. Nimshukuru mke wangu, aliyesoma begani kwangu na kunivuta sikio. Sikio kweli, kwa mkono.

Miwani alikuja mbio. Aliondoka na diski zote mbili, akarudi saa kumi na moja, akaketi bila kuambiwa. Nikajua. Akasema video nyingi kaziokoa, na zilizopotea sidii zake bado zipo sandukuni. Harusi ya mwanyumba imepona, karibu yote. Nikauliza hotuba. Akavua miwani ya machoni, kisha akavua na ile ya kichwani.

Akanieleza taratibu. Ule mstari wangu ulimfundisha Kikongwe kutaja namba kubwa, haukumfundisha kuhesabu. Alipofika 128 akarudi mwanzo, akawa anaandika juu ya vilivyokuwa mwanzo. Akauliza kwa nini niliweka kitu cha pekee mwanzo kabisa. Kingekuwa katikati kingepona.

Nikasema kwa heshima.

Akavaa tena miwani zote mbili, akaendelea. Na kwenye diski ndogo sidii ishirini na tisa zimepita hapo hapo ilipokuwa hotuba, hakuna kilichobaki. Amejaribu mara tatu. Kilichopatikana ni sekunde mbili za baba mkwe akikohoa kabla hajaanza, halafu mwanyumba anaingia anacheza.

Nimekaa kwenye kiti cha nje hadi shingo ikaniuma. Baba mkwe ndiye aliyenikubali wakati mashemeji wote walinikataa. Alisema kijana huyu atahangaika sana, lakini atakuwa anarudi nyumbani. Sauti ile nimeifuta mimi. Nimelia. Hapa naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma.

Mke wangu amekaa kando yangu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza.

Jumamosi, 9 Machi

Mpango wa asubuhi: kusema umeme umekatika. Mke wangu akakataa. Mpango wa pili: kuugua. Akanishika paji la uso, akanipa shati lililopigwa pasi.

Nyumba ya mama mkwe ilijaa. Viti vilipangwa mistari, runinga mbele imefutwa vumbi, na mama yupo katikati amevaa miwani yake ya kuonea mbali. Mwanyumba akaniuliza kwa sauti ya chini kama nahitaji waya. Nikajikaza kisabuni. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya hitilafu za kiwandani. Nikafungua mdomo, yakatoka maneno mengine: mama, nimeifuta. Nisamehe. Nimeifuta mimi.

Shemeji mkubwa alisimama. Nikajua leo nakabwa shingo.

Mama akamwambia akae. Akavua miwani, akaikunja. Akauliza, "Kwani ile hotuba wewe uliitazama mara ngapi?" Nikasema mara mbili, labda tatu. Akasema yeye alikaa nayo wiki tatu kabla haijatolewa, maana mumewe alikuwa akiifanyia mazoezi jikoni.

Akasimama. Akashika mgongo wa kiti kama alivyoshika mzee siku ile. Akakohoa kwanza, kikohozi kile kile! Akaanza. "Wapendwa wafanyakazi wenzangu, sitawachosha." Hotuba nzima, bila karatasi. Alipofika mahali baba mkwe aliposahau jina la meneja, na yeye akasahau vile vile, akaangalia dari vile vile. Watu walicheka huku wanafuta macho. Mwishoni, pale mzee aliposema anamshukuru mke wake kwa kumvumilia, mama alikatisha hotuba. Akasema hapo mumewe aliruka mstari mmoja, aliogopa kulia mbele ya wakubwa. Jikoni alikuwa anausema. Akausema.

Watoto wake walikuwa hawajawahi kuusikia. Hata kanda haikuwa nao.

Siuandiki hapa. Ni wake.

Mwanyumba alikuwa amerekodi yote kwa simu, mwanzo hadi mwisho, mkono haukutikisika. Nilimkumbatia. Akashangaa, na mimi nikashangaa.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamka mwepesi. Mama hana kinyongo, mashemeji wamenisalimia, na sasa nina akili ya kutosha kuona kosa lilikuwa wapi.

Diski ilikuwa ndogo mno. Giga mia tano ni kama kumtania Kikongwe. Kesho naenda kuulizia ya giga elfu mbili. Nimeshaona na mstari mwingine mtandaoni, mrefu kuliko ule wa kwanza, kwa hiyo una nguvu zaidi.

Lakini kuna jambo limenikera. Mama mkwe amewaambia watoto na wakwe wote kila mmoja aweke rekodi ya jana kwenye simu yake. Sasa ziko kumi na moja! Katika simu kumi na moja, mifukoni, kwenye mikoba, nyingine hata na watoto wa shule. Fujo gani hii? Kitu cha thamani hakitapanywi ovyo.

Nimeandika kwenye kundi, kwa adabu: wapendwa, nitumieni zote nizikusanye mahali pamoja, kisha kila mtu afute ya kwake.

Tangu saa tatu asubuhi hakuna aliyejibu. Wanatafuta maneno ya kunishukuru.