Mayai, Tochi na Volti

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe amechoka kuangua vifaranga. Funguo za chumba cha mashine ya kuangulia atampa mmoja: mimi au shemeji, mdogo wake mke wangu. Atashinda atakayemulika mayai na kutambua yenye kifaranga. Tochi yangu hafifu mno! Nimekwenda kwa fundi simu. Kaniuzia betri ya lithiamu, ya kuchaji, ukubwa uleule wa ile ya kawaida. Akasema kitu kuhusu volti. Sikusikia. Nilikuwa nimeshafurahi.

Jumanne, 5 Machi
Mwanga! Ndani ya yai nimeona mpaka mishipa. Shemeji kanuna. Dakika nne tu. Kisha harufu ya plastiki. Moshi. Giza. Fundi anasema betri ni nzima, tochi ndiyo imeungua: betri ya kawaida volti moja na nusu, hii karibu nne. Nikauliza mbona zinalingana. Akasema hata mimi na mkuu wa polisi tunalingana kimo. Polisi wanaingiaje hapa?
Nimenunua tochi inayoikubali betri hii.

Alhamisi, 7 Machi
Mtihani mbele ya baba mkwe. Yai la ishirini na moja, mwanga mkali bado. Mara zii, giza! Betri za kawaida hufifia polepole, mtu unajiandaa. Hii imeondoka bila kuaga. Nikapapasa. Kiwiko kikakutana na trei. Mayai tisa sakafuni!
Baba mkwe akauliza gizani kama nipo. Nikajibu nipo.
“Basi, mwanangu, usisogee.”
Fundi anasema betri hii hujizima ikikaribia kuisha, isiharibike. Mbona hakuniambia? Mke wangu anasema aliniambia, naye alikuwepo.
Baba mkwe kanipa nafasi ya mwisho. Kesho.

Ijumaa, 8 Machi
Nimechaji tangu alfajiri. Saa nne shemeji akanusa, akachungulia chaja. Ndani: betri ya kawaida ya redio ya baba mkwe. Imevimba, inatoa ute. Yangu? Nilizichanganya jana usiku: iko redioni, tupu, na taarifa ya habari imempita mzee.
Funguo kapewa shemeji. Mimi kanikabidhi ufagio kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Heshima ya nini? Sielewi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: betri moja haitoshi! Fundi ana kompyuta mbovu, tumboni mna betri sita za lithiamu. Amekataa kuniuzia. Ametaja volti mara tatu.
Nitarudi akienda kula.