Ufa wa Nguzo ya Kati

Jumatatu, 4 Machi
Wahandisi wamefika kwetu, stesheni ya Valea Ciorii. Reli yote mpaka mjini itatengenezwa, madaraja mapya, stesheni mpya. Ila sisi ni wa mwisho. Wa kwanza ni Dealu Rece, stesheni ya jirani, anakouza supu Zaharia. Mimi nauza supu hapa. Alipita akanipa pole: wateja wangu watazeeka wakisubiri. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Nimeshuka mtoni na makaa ya jiko, nikachora ufa kwenye nguzo ya kati ya daraja. Mrefu, wenye vijitawi. Wakiona hatari wataanza na sisi. Treni ikapita juu yangu, kutu ikanimwagikia kichwani. Nimewapigia wahandisi simu, kama raia mwema.

Jumatano, 6 Machi
Mhandisi Smaranda aliugusa ufa. Kidole kikawa cheusi. Aliuliza kwa upole kama namjua mchoraji. Nikasema watoto wa siku hizi. Akatazama mikono yangu. Nikaificha mfukoni, lakini nilikuwa nimechelewa. Zaharia anauliza kama nitamchora na yeye.

Alhamisi, 7 Machi
Nimerudi na brashi kufuta aibu yangu. Upande wa pili wa nguzo, usawa wa maji, kuna ufa mwingine. Sikuuchora mimi. Nimesugua, haufutiki. Kidole kinaingia chote.

Nimempigia Smaranda. Amekata simu. Mkuu wa stesheni kaniuliza huu ni wa rangi gani. Na mke wangu Leontina yuko kwenye treni ya kutoka mjini.

Nimevuka daraja kwa miguu, mimi ninayeogopa hata ngazi. Mbao zililia, maji meusi yakionekana kati yake. Ng'ambo nikasimama relini nikipunga aproni yangu. Breki zikapiga kelele. Nikafumba macho. Nilipofumbua, treni ilikuwa karibu kunigusa tumbo. Dereva alinitukania mpaka mababu.

Leontina akashuka na kapu lake.

"Nicanor, umefanya nini tena?"

Nikalia tu, mbele ya abiria wote.

Ijumaa, 8 Machi
Smaranda ametia mkono ndani ya ufa, akabadilika rangi. Daraja limefungwa. Tutajengewa sisi kwanza. Majirani wameleta jibini. Zaharia amekuja kunishika mkono. Dada yake alikuwemo kwenye treni ile. Leontina haachii mkono wa koti langu tangu jana. Nazisikia breki zile hata nikinywa chai.

Jumamosi, 9 Machi
Treni hazifiki tena kwetu. Zinageuzia Dealu Rece, na mabasi yanaanzia pale pale, mlangoni kwa Zaharia. Foleni ya supu inafika barabarani. Kwangu amekuja paka.

Nimewaza. Watu wakisikia dubu anazunguka kituo kile, nani atasimama kusubiri basi? Nyayo za dubu si kazi kubwa: viatu vya zamani, meno ya reki. Leontina kauliza reki ya nini mwezi huu. Bustani, nimesema.

Hofu ya kukutana na dubu wa kweli ninayo, sifichi. Lakini nimeuliza kwa wawindaji: dubu hajaonekana bonde lile tangu zamani.