Bata Mzinga wa Mama Dunstan

Fakihi alikuwa kwenye foleni ya watu wa kupelekwa shamba la pamba la serikali, pale Newala, aliposikia Akida Sadallah, msimamizi wa Wajerumani, anapiga kelele. Wenzake wakajikunyata. Yeye masikio yakamsimama.

"Mpishi wa Bwana Shauri homa imemlaza! Na Bwana anafika adhuhuri, anataka chakula cha kwao Ulaya! Mkate wa kuchoma, juu yake nyama ya bata mzinga, juu yake mchuzi wa jibini wa moto! Nani hapa amewahi hata kuiona jibini?"

"Shikamoo Akida," Fakihi akasema, ameshatoka kwenye foleni. "Mimi Lindi nimewapikia Wajerumani mpaka wakavimba."

Uongo mtupu. Lindi alikuwa mwosha masufuria, akafukuzwa kwa kulamba. Lakini kwa kulamba huko ndiko alikoujua mchuzi.

"Ukiharibu, hamsa ishirini za kiboko," Akida akasema. "Ukipatia, pamba utaisikia tu."

Basi bwana, bata mzinga Newala nzima alikuwa mmoja, wa Mama Dunstan, mjane wa Kikristo. Alipewa kifaranga na watu wa misheni Masasi, akamlea kwa maji ya kupandisha mlima kichwani, nusu siku kwenda na kurudi. Sasa bata ndiye mahari ya Dunstan. Wakwe wa Chiwata walishasema: hakuna bata, hakuna mke.

Askari wakambeba bata. Mama Dunstan akawafuata mpaka jikoni, akakalia mbuzi ya kukunia nazi.

Fakihi akampima yule bata kwa macho. Ndege kama huyu Masasi anazaa kanzu mpya na safari ya pwani. Kumchinja ni wazimu! Akamtuma mama kuni. Aliporudi, bata yuko chini ya tenga, na chunguni wamo panya wanne wa shambani, wanono, wale wanaoliwa huku na ugali bila aibu, Fakihi kawapata mlango wa nyuma kwa kubadilishana na chumvi kidogo.

"Mpishi, bata gani huyu hajaacha hata unyoya?"

"Manyoya nimechoma, mama."

"Na huo mkia?"

Fakihi akageuka. Mkia unaning'inia ukingoni mwa chungu.

"Mama Dunstan, tusemezane. Wewe nyamaza tu, mimi nikifika Masasi..."

"Nitanyamaza, mwanangu. Pika."

Akapika kweli. Maziwa ya mbuzi akayakata kwa ndimu, akayakamua kwenye kitambaa, jibini ile akaivurugia kwenye samli, unga wa ngano na maziwa mengine mpaka ikawa uji mzito unaonukia. Mkate wa boflo akauchoma juu ya makaa, nyama akaichambua nyuzi nyuzi, akaipanga, akamwagia mchuzi unaofuka. Mchuzi ule ulifunika mambo kuliko ripoti ya serikali.

Adhuhuri Bwana Shauri akafika, akala. Akalamba kisu. Mkalimani akasema, "Anasema tangu atoke kwao hajala bata laini hivi."

Fakihi akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea tenga. Mama Dunstan akapiga magoti mbele ya Akida, sauti ya kanisani:

"Akida, mpishi kama huyu wa kuachwa azurure? Mpe Bwana. Jina lako litafika Lindi."

Akida alilipenda jina lake kuliko wake zake wote. Akaruka kwa mkalimani, mkalimani kwa Bwana, Bwana akaitikia kwa kichwa. Askari wawili wakamshika Fakihi mikono, kwa heshima zote, wakamtwika masufuria.

"Mama Dunstan!" akaita kutoka kwenye msafara wa Bwana. "Waambie ukweli!"

"Upi, mwanangu? Ule wa hamsa ishirini?"

Msafara ulipopotea, mama akamfunga bata ndani ya kaniki, akampakata kama mtoto, akashika njia ya Chiwata.

Kule mbele askari mmoja akamsogelea Fakihi kirafiki. "Kaza moyo, mpishi. Jumapili Bwana ana wageni saba, amewaahidi bata wako. Wawili kati yao, nasikia, kwao wanafuga bata mzinga."