Gari Jekundu, Gari la Bluu na Mguu Wangu wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeyaona. Mawili. Yamesimama bega kwa bega kwenye yadi ya dalali wa magari, nyuma ya kituo cha mafuta. Magari ya spoti! Ya mtumba, lakini yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Moja jekundu, viti viwili tu, paa linakunjwa nyuma. La pili la bluu, injini kubwa, na nyuma kuna kiti kidogo cha kukaliwa na mtu asiye na miguu. Moyo ulinidunda mpaka dalali akaniuliza kama nahitaji maji ya kunywa.

Lazima nipate moja. Miaka yote hii naendesha gari la maiti. Nikipita, watu wanavua kofia. Watoto wanaacha kucheza. Muuza magazeti anageukia ukutani. Mtaani wananiita Dereva wa Mwisho, wala hawatanii. Sijawahi hata siku moja kupita mahali mtu akaniona akafurahi. Inauma. Nasema ukweli, inauma. Nataka nipite barabarani mtu atabasamu, basi.

Mama watoto amekubali tutumie akiba yetu, maana gari letu la zamani mlango umefungwa kwa kamba. Ila kaweka sharti. Mama yake, anayeishi nasi na ana magoti mabovu, apande gari hilo, ashuke, na aridhike. Mama mkwe asiporidhika, hakuna gari. Nilisema sawa kabla hajamaliza sentensi.

Kazi sasa ni kuchagua. Lipi lina raha ya usukani, lipi lina thamani. Nitatumia akili, si moyo. (Nataka jekundu.)

Jumanne, 4 Machi

Tatizo: Randa. Huyu ni seremala wa majeneza pale pale kazini kwetu. Naye ameyaona. Naye anataka jekundu! Mtu anayeshinda kutwa akipiga randa mbao, gari la spoti la nini? Wateja wake wana haraka gani?

Nikapanga njama. Nimsifie la bluu mpaka alinunue yeye. Nimeingia karakana, nimekaa juu ya jeneza lisilokauka vanishi, nikaanza. Injini ile! Mngurumo ule! Vipuri vyake vinapatikana hata kwa muuza misumari! Mafuta halili, linayanusa tu! Nimetia chumvi mpaka mwenyewe nikasikia kiu. Randa aliacha kazi, mdomo wazi. Akasema kumbe mimi ni rafiki wa kweli. Nimetoka nikicheka kimoyomoyo. Suruali imebaki na vanishi nyuma, lakini njama imeiva.

Jumatano, 5 Machi

Sina raha. Kutwa nawaza lile la bluu. Yale niliyoyasema jana, je, kama ni kweli? Mtu mwenye akili timamu anamwachiaje mwenzake gari la namna ile?

Mchana fundi wetu wa rangi kaniambia Randa ameonekana yadini ndani ya la bluu, ameshika usukani, amefumba macho. Damu ilinichemka. Gari langu! Nimerudi karakana mbio. Nikamweleza kwamba nimefanya uchunguzi, la bluu ni bovu. Linavuja. Linanuka kuku. Breki zake zina kiburi. Gari la kununua ni jekundu.

Randa akanitazama weee. Kisha akasema ahsante sana, yeye jekundu ndilo alilolitaka tangu mwanzo, alikuwa anasitasita tu kwa sababu ya maneno yangu. Akaendelea kupiga randa, na mluzi juu.

Sasa nalitaka jekundu tena.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelijaribu la bluu, dalali pembeni yangu. Nimefunga mkanda, nimerekebisha vioo, nimewasha taa, nimetoka taratibu kama inavyotakiwa. Gari zuri! Kiti kinakukumbatia. Usukani mwepesi. Nimeona raha mpaka gia ya pili.

Dalali akaomba niweke ya tatu. Nikamwambia kila kitu kwa wakati wake. Akaomba tena tulipopitwa na baiskeli. Tulipopitwa na mama anayesukuma kigari cha mtoto, akageukia dirishani. Hawa madalali hawajui kuendesha. Dereva wa kweli hamtikisi abiria. Kwangu hakuna abiria aliyewahi kulalamika.

Uamuzi wangu: jekundu. Paa likiwa wazi watu wataniona vizuri. Nikimridhisha mama mkwe haraka, Randa atabaki na mluzi wake.

Jumamosi, 8 Machi

Haya lazima niyaandike.

Leo ilikuwa zamu ya jekundu, mimi na mama mkwe. Dalali alikataa kuja. Alisema ana mambo mengi ya kufanya kabla hajazeeka. Mpango wangu ulikuwa safi: nimpitishe mama barabara kuu, upepo umpige, aone raha, aridhike. Nilimwekea mto chini ya magoti. Nililaza kiti chake nyuma. Nilimfunika shuka jeupe asipate baridi. Mimi nilivaa suti yangu nzuri. (Ninayo moja, nyeusi.) Nikawasha taa, tukaondoka.

Mama mkwe akasema, baba, kanyaga mafuta. Nikamjibu nimekanyaga. Akasema kama ni hivyo angetembea na magoti yake haya haya. Baadaye akasinzia.

Kwenye kioo nikaona lori limewasha taa nyuma yangu. Halafu teksi. Halafu basi la wafanyakazi. Nikajua, wamelipenda gari! Kwenye makutano askari wa barabarani akasimamisha magari yote, akanipigia saluti. Saluti! Nilimeza machozi. Nikapita kifua mbele, msafara nyuma yangu, kimya, polepole, wa kupendeza. Watu wakasimama kando ya barabara. Nikawapungia mkono. Hakuna aliyenipungia. Nikadhani ni wivu.

Nimeingia mtaani kwetu hivyo hivyo. Mama watoto alikuwa anaanika nguo. Akaniona mimi na suti. Akaona msafara na taa. Akamwona mama yake chali chini ya shuka jeupe. Yowe alilopiga sijawahi kulisikia hata kazini. Majirani wakatoka na viti. Dereva wa lori akashuka, akavua kofia, akampa mama watoto pole. Hapo ndipo mama mkwe alipoamka, akaketi wima, akauliza nani amefariki.

Patashika! Dereva wa lori aliruka uzio. Jirani wa kushoto aliangusha kiti juu ya mguu wa jirani wa kulia. Mama watoto alicheka, akalia, akavua kandambili akanikimbiza kulizunguka gari. Nikajitetea kwamba angalau gari lina nafasi nzuri ya kunyoosha miguu. Hakutaka kusikia.

Jumapili, 9 Machi

Hukumu imetoka. Mama watoto kasema jekundu lisikanyage tena mlangoni kwake. Mama mkwe mwenyewe hana kinyongo, anashika mbavu kila akiniona. Lakini gari lisilo na paa halitaki. Anasema amechoka kupewa pole angali hai.

Nikasema potelea mbali, nitambembeleza mke wangu kidogo kidogo. Nikiwa nafikiri maneno, gari likapita nje kama risasi. Randa! Katika jekundu, kumbe kashalinunua! Paa wazi, shati linapepea. Watoto wa mtaa mzima wanamkimbilia wanashangilia. Muuza magazeti anampungia gazeti. Seremala wa majeneza, na watu wanamchekea!

Nilikaa barazani muda mrefu. Nilihuzunika mno, sina haja ya kuficha. Kisha nikapiga moyo konde. Kuna la bluu. Na la bluu, ukifikiri sawasawa, ndilo lenye thamani. Nilisema mwenyewe kule karakana.

Jumanne, 11 Machi

Ushindi! Mama mkwe amepanda la bluu. Ameshuka. Ameridhika. Safari hii bila shuka, mama watoto alisimamia kwa macho yake. Mama mkwe katoa kasoro moja tu. Kasema, mkwe wangu, gari hili halina shida, shida ni mguu wako wa kulia. Nimemshukuru kwa ushauri. Jioni nimenunua viatu vipya vyenye soli nyembamba.

La bluu ni langu! Liko uani. Nimetoka kulitazama mara kadhaa, na kila nikilitazama linazidi kuwa zuri.

Jumatano, 12 Machi

Leo sina mazishi. Siku yangu! Nimetoka asubuhi peke yangu, viatu vipya, taa zinawaka, injini inanguruma chini kwa chini. Lengo moja: mtu atabasamu.

Muuza magazeti aligeukia ukutani. Timu nzima ya mpira ilisimama kiwanjani, mikono nyuma. Sikujali. Raha niliyokuwa nayo haina mfano. Nikaacha gari liende lenyewe, nifurahie usukani. Nikaimba kidogo. Nilipokuja kushtuka, mlinzi ananifungulia geti. Geti la makaburi!

Mchimba kaburi akaja na koleo lake begani. Akachungulia kiti cha mbele. Akachungulia kile kidogo cha nyuma. Akauliza, leo hakuna mtu? Nikamwambia hakuna. Akachomeka koleo chini, akanyoosha mgongo, akatabasamu. Tabasamu pana, mpaka magego yakaonekana!

Nimefanikiwa! Nilijua tu, siri yote ilikuwa kuchagua gari linalofaa. Nimerudi nyumbani nikipepea, kwa gia ya pili. Mama watoto nimemwambia Randa ashangiliwe na watoto, mimi nimechekewa na mtu mzima mwenye kazi yake. Kesho nikipata nafasi nitakwenda huko huko tena.

Gari lina kasoro moja tu. Usukani unavuta kidogo upande wa makaburini. Lazima nimpelekee dalali anirekebishie magurudumu.