Dubu Hamsini na Tatu, Mchele Saba

Jumapili, 3 Februari. Siku ya sabini na tano tangu niondoke Akita.

Nimempigia mke wangu Kinuyo mchana. Nilitarajia habari za theluji. Kumbe anacheza karata! Zile za picha za wanyama. Duka la ushirika anakofanya kazi limeanza kuziuza, na kila Alhamisi wanawake wanazicheza kando ya jiko la mafuta. Nilicheka mpaka mgongo ukaniuma. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama nimekula: "Baba Sayo, ukirudi tucheze. Nikikushinda, baridi ijayo huondoki."

Butwaa. Miaka kumi na tisa naacha shamba baada ya mavuno, nakuja Kawasaki kubeba saruji, narudi kupanda mpunga. Hajawahi kunizuia. Nikakubali upesi nisionekane mwoga. Nabeba mfuko kila bega. Nitashindwa na karatasi?

Nyapara anataka majina ya watakaorudi baridi ijayo kabla mwezi haujaisha. Langu litatangulia.

Jumanne, 5 Februari.

Nimekwenda duka la karata nikiwa na buti za kazi. Ajabu ya kwanza: hawauzi ovyo. Wanachukia walanguzi, kwa hiyo msichana wa kaunta anakuuliza kwanza unampenda mnyama gani. Nikasema dubu. Dubu yupi? Wapo kumi na tisa! Nikasema yule mkubwa. Watu waliokuwa nyuma yangu wakatazama viatu vyao. Aliniuzia, nadhani kwa huruma.

Sheria nimezisoma mara mbili. Unapanga karata sitini. Kila zamu unaruhusiwa kuweka mezani karata moja ya mchele. Mnyama haingii uwanjani bila kulishwa. Dubu anakula mchele mitano, shomoro mmoja. Kwangu nimepata dubu thelathini na wanane na mchele ishirini na miwili. Uchafu mtupu. Nani amewahi kupigwa na mchele?

Alhamisi, 7 Februari.

Mpango! Shiroma, mfunga majukwaa ya ujenzi kutoka Okinawa ninayelala naye chumba kimoja, naye ana karata. Nimempa mchele kumi na mitano, akanipa dubu kumi na watano, mmoja wa dhahabu. Hakubishana hata kidogo. Mjinga.

Sasa nina dubu hamsini na tatu na mchele saba. Nimewapapasa mmoja mmoja ndani ya vifuko vyao vya plastiki. Shiroma akatazama, kisha akasema: "Mzee Hatakeyama, hili ni genge la manyapara watupu. Zege atabeba nani?"

Wivu.

Jumapili, 10 Februari.

Sijui nianzie wapi.

Mashindano ya dukani. Nikapangiwa Bibi Nishioka, miaka sabini hivi, mwenye mkoba wa kitambaa. Akainama kwa heshima, akasema tucheze vizuri. Nikamwonea huruma. Nikachukua karata saba za mwanzo: dubu saba. Nikachukua ya nane: dubu. Yeye akaweka mchele mmoja, akatoa shomoro. Shomoro akanidonoa. Zamu yangu: dubu. Akatoa shomoro wa pili. Nimekaa na dubu kumi mkononi, nikidonolewa na ndege! Dakika nne nikawa nimekwisha. Mchezo wa pili nilipata mchele mmoja, nikashangilia. Dakika tano.

Halafu mwamuzi akaomba kuona karata zangu. Kila dubu ana alama ya dole gumba langu nyuma ya kifuko, saruji tupu. Mchele msafi kabisa, sijaugusa. Maana yake natambua karata kabla ya kuzigeuza. Mimi mwizi! Nimetolewa nje. Mwamuzi, kijana mpole, akaniambia: "Baba, nimewahi kuona watu wakiiba. Sijawahi kuona mtu akiiba akashindwa namna hii."

Jumatano, 13 Februari.

Kinuyo amepiga mwenyewe. Theluji imefika dirishani. Alipanda paa kuikwangua, akateleza, akaangukia rundo la theluji mpaka kiunoni. Peke yake! Anasema alikaa humo dakika kumi akicheka, kwa kuwa hapakuwa na wa kumvuta. Mimi sikucheka.

Akauliza mgongo. Nikasema mzima. Nilikuwa nimelala kifudifudi, Shiroma ananibandika plasta ya dawa.

Kisha akauliza taratibu: "Baba Sayo, wewe mkulima wa mpunga. Mchele umeweka?"

Nikamwambia hiyo ni siri ya vita. Akaniaga upesi. Nadhani aliogopa.

Alhamisi, 28 Februari. Siku ya mia moja.

Leo mwisho wa kuandikisha majina. Nyapara ameliandika langu kwa penseli. Mengine yote kwa wino! Nikauliza kwa nini. Akasema Shiroma amemwonyesha karata zangu. Shiroma mwenyewe ameniomba koti langu la baridi, eti mwakani sitalihitaji. Watu wana dharau.

Hawajui kwamba kosa nimeshalipata. Wiki mbili nimelitafakari. Katika mchezo wa pili mchele ule mmoja ulikuja mahali ambapo angekuja dubu. Basi nimepunguza. Imebaki minne. Vifuko vipya nimevishika kwa glavu.

Naomba tu Kinuyo asilie akishindwa. Sakata lile la paa sitaki litokee tena, lakini ahadi ni ahadi: nikishinda, naondoka. Nitashuka kituoni Jumapili, 14 Aprili, kabla ya chakula cha mchana. Nimemwambia aiondoe sufuria mezani, tucheze kwanza.