Herufi Tano za Kumpata Avelina

Jumatatu, 2 Juni
Wiki ya tatu tangu barua yangu ya posa ifike Mbweni kwa Mwalimu Eliaichi. Kimya! Mshenga wangu, Mzee Nikodemu, anasema wazazi wakikaa kimya ujue wanafikiri. Wanafikiri nini wiki tatu? Mimi Marselino, karani wa depo ya soda hapa Wazo, kijana wa Masasi, sinywi, sivuti, na binti yao Avelina ananipenda. Kigumu kipi?

Leo Avelina kanipa siri. Baba yake, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, kila asubuhi hucheza mchezo wa maneno kwenye simu. Neno moja la Kiingereza, herufi tano, unabahatisha mara sita. Simu inakuonyesha herufi ipi imo na ipi haimo. Hagusi chai kabla hajalipata. Ana kundi la WhatsApp la wachezaji wenzake, na kinara wao ni Brightson, yule ofisa wa benki aliyemposa Anjelina, dada mkubwa wa Avelina. Posa yake ilijibiwa ndani ya siku nne. Siku nne! Nimeomba niingizwe kundini.

Jumanne, 3 Juni
Nimeingizwa. Nimebahatisha mara sita, nimekosa mara sita, mbele ya watu thelathini. Brightson kaweka kikatuni cha mtu anayelia.

Mchana nimekwenda steshenari kuchapisha orodha ya maneno yote ya herufi tano yenye A na E. Kurasa tisa. Maana zake sikuzitaka, zingenichelewesha tu. Hadi jioni nimekariri kuanzia ABATE hadi CRAZE.

Jumatano, 4 Juni
Aibu. Mwalimu mwenyewe kaja depo kuagiza soda za sendofu, sherehe ya kumuaga Anjelina. Nikampa shikamoo ya kuinama hadi mgongo ukalia. Nikaona nafasi ndiyo hii, nikamdokeza kwamba siku hizi nakariri maneno kwa kurasa. Akafurahi. Akaniuliza CRATE ni nini. Nikajibu bila kusita kuwa ni aina ya ndege wa Ulaya.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kreti la soda. Mwalimu akalitazama kreti, akanitazama mimi, akasema basi nimwekee ndege ishirini, wawe wa baridi. Wapakiaji wamecheka mpaka saa ya kufunga.

Alhamisi, 5 Juni
Akili ni mali! Rafiki yangu Albano yuko Guangzhou kununua spea za pikipiki. Kule kwao siku mpya inaingia sisi huku tukiwa saa moja jioni. Maana yake neno la kesho yeye analiona leo! Nimempigia. Kasema hiyo kazi ndogo, atakuwa ananitumia kila siku. Nimecheka peke yangu hadi mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama niko salama.

Ijumaa, 6 Juni
Mara ya kwanza! Nimelipata mara ya kwanza! Mwalimu kaandika hongera kijana. Brightson kaandika kwamba hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku. Wivu.

Jumamosi, 7 Juni
Tena mara ya kwanza. Brightson kimya. Kimya kitamu kuliko pilau.

Ila Mwalimu kalipata mara ya sita, kwa pumzi ya mwisho. Avelina anasema baba yake hajashindwa wala kuruka hata siku moja kwa siku mia tatu na kumi, na leo chai ilimpolea mezani. Nimemhurumia mno. Hivi mkwe mwema anakaa na jibu mfukoni huku baba mkwe anateseka? Nimeona niyamalize mateso yake.

Jumapili, 8 Juni
Saa kumi na mbili asubuhi nilimtumia ujumbe. Shikamoo Baba, usihangaike, la leo ni GRAPE, unywe chai ingali moto. Ukasomwa papo hapo. Hakujibu. Nikajua machozi ya furaha hayo.

Saa nne Avelina kapiga analia. Baba yake kakataa kucheza neno aliloambiwa. Siku zake mia tatu na kumi zimeishia hapo. Kanywa chai yake, kisha kaomba aletewe barua yangu ya posa na kalamu nyekundu. Avelina anasema kanisubiri miaka miwili, na baba akikataa, hatatoroka na mtu, atakwenda kukaa kwa shangazi yake Moshi na mimi nisimtafute. Nimeumia sana. Chakula kimenishinda, isipokuwa wali.

Jumatatu, 9 Juni
Mzee Nikodemu kairudisha barua. Anasema miaka yote ya ushenga wake hajawahi kubeba posa iliyosahihishwa. Wino mwekundu kila mstari! Juu, alama: thelathini na moja kwa mia. Chini: haya si maneno yako, andika yako mwenyewe, ilete kabla ya Alhamisi.

Kajuaje kwamba niliitoa mtandaoni? Mzee Nikodemu anasema nimshukuru Mungu, nimepewa nafasi ambayo wengine hawapewi. Avelina kaniambia niandike tu yale ninayomwambia kila siku, hata nikikosea hapa na pale. Nimekaa na karatasi kwa saa tatu nzima. Nimeandika tarehe.

Jumatano, 11 Juni
Ushindi! Nimegundua steshenari iliyochapa posa ya Brightson, na barua bado imo kwenye kompyuta yao. Barua iliyokubaliwa kwa siku nne, na Mwalimu yule yule! Nimemwambia dada wa kompyuta afute Brightson, aweke Marselino. Akauliza, na jina la binti je? Nikamwambia asinicheleweshe, baba ni yule yule, nyumba ni ile ile. Nimeibandika bahasha bila hata kuisoma. Mzee Nikodemu keshaondoka nayo kwenda Mbweni.

Nimempigia Avelina kumwambia aanze kutafuta mshonaji.